Penseli Yangu na Mtungi wa Mama

Mpenzi msomaji, ikiwa umewahi kupita njia inayotoka soko la Matinyani kuelekea mtoni Jumamosi jioni, ukamwona kijana ameketi juu ya jiwe, kichwa kimeinama kama mtu aliyeangusha shilingi mchangani, basi ulikuwa ukiniona mimi. Sikuwa nimeangusha kitu. Nilikuwa nikichora.

Wengi wenu mnanijua kwa jambo hilo. Wengine huniita "Msanii" kwa heshima, wengine kwa dhihaka, nami huitikia kote kuwili. Mwaka huu mhariri wa jarida la chama chetu ameniomba nieleze nilivyoanza kuchora na faida niliyoipata. Nimekubali, lakini sitaeleza faida peke yake. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, nami kila nikianza kueleza habari za michoro yangu hujikuta nimerudi kwenye mchoro mmoja tu, ule ulioniaibisha mbele ya mtu ninayempenda kuliko wote.

Nilianza hivi. Mimi ni mmoja wa wale waliofanya mtihani wa mwisho wa KCPE mwaka wa 2023. Baada ya mtihani tulikaa nyumbani majuma kadhaa tukingoja kuingia kidato cha kwanza, na madaftari yangu ya darasa la nane yalikuwa na kurasa nyingi ambazo hazijaandikwa. Nilianza kuzijaza. Nilichora ndege za abiria, wachezaji kandanda wa Uingereza, na lile jumba refu la KICC la Nairobi ambalo nilikuwa nimeliona kwenye kalenda tu. Kwa maneno mengine, nilichora kila kitu ambacho hakikuwa Matinyani.

Nilipoingia kidato cha kwanza mambo yalibadilika. Shule yetu, kama mjuavyo, ni ya kutwa. Wenzetu wa bweni huamka na kujikuta wako shuleni tayari, lakini sisi hurauka alfajiri, tukatembea, na jioni tukatembea tena. Hapo mwanzoni niliuona mwendo ule kama adhabu. Kisha siku moja jioni, nikiwa nimechoka kama punda wa dobi, nilipumzika mbele ya duka moja sokoni, nikatoa daftari na kumchora fundi baiskeli aliyekuwa akiziba pancha. Alikuwa ameuzamisha mpira katika karai la maji akitafuta mahali pale mapovu yanapotokea, na uso wake ulikuwa makini kuliko uso wa daktari. Nilichora kwa dakika kumi hivi. Nilipofika nyumbani niliutazama mchoro huo, nikautazama na ule wa KICC, nikajua papo hapo upi ulikuwa na uhai.

Tangu siku hiyo njia ya shule ikawa darasa langu la pili. Nimewachora akina mama wanaouza maembe, wameyapanga mafungu mafungu juu ya gunia. Nimewachora vijana wa bodaboda wakilala juu ya pikipiki zao bila kuanguka, jambo ambalo hadi leo sijalielewa. Nimemchora mzee mmoja aliyeketi juu ya kiti chake cha miguu mitatu akinusa ugoro, na foleni ya watu mbele ya mashine ya kusaga unga, wote wamepakwa vumbi jeupe kwenye kope.

Shule yetu haina somo la Sanaa, kwa hiyo vifaa vyangu ni vya kuokotaokota. Nina penseli moja ya HB ambayo ni fupi kuliko kidole changu cha mwisho. Nikitaka weusi natumia kipande cha kaa kutoka jikoni, au masizi ya sufuria. Nikitaka rangi ya barabara nachukua udongo mwekundu wa kando ya njia, naupondaponda, nausugua kwenye karatasi kwa kidole. Hakuna duka lenye rangi inayofanana na udongo wa Ukambani kuliko udongo wenyewe. Karatasi nzuri kuliko zote ni mgongo wa kalenda ya mwaka uliopita.

Sasa nieleze mambo mawili niliyojifunza, kabla sijafika kwenye lile la aibu.

La kwanza alinifundisha punda. Wakati huo tulikuwa na punda wetu wa kike, mwenye umri wa miaka kama tisa, ambaye alikuwa akibeba mitungi minne ya maji ya lita 20 kila mmoja. Nilimchora nikiwa kitandani usiku, bila kumtazama, kwa sababu nilijiambia kwamba namjua. Asubuhi nilimwonyesha rafiki yangu. Alicheka hadi akashika mbavu.

"Wee, huyu ni sungura amebebeshwa mitungi!"

Niliona haya, nikaenda kumtazama punda mwenyewe. Jamani! Masikio yake yalikuwa na ukingo mweusi. Mgongoni alikuwa na mstari mweusi unaoshuka hadi mkiani, na mstari mwingine unaoukata mabegani, kama msalaba. Nilikuwa nimemlisha punda yule, nimempiga kiboko, nimemlaani, nimempanda nikiwa mdogo, na sikuwa nimeuona msalaba wake. Tangu siku hiyo nilijua kwamba kukaa na kitu si kukiona.

La pili alinifundisha nyanya, ambaye kwa Kikamba chetu tunamwita Susu. Nilikuwa nimechora mto wetu, nikaazima penseli ya rangi ya buluu na kuujaza buluu kutoka ukingo hadi ukingo. Susu aliushika mchoro huo mbali na macho yake, kwa maana macho yake yamechoka, akauliza, "Hii ni nini?"

"Ni mto, Susu."

"Mto wa wapi?"

"Wetu."

"Sisi tuna mto wa buluu?" Akanirudishia karatasi yangu. "Mwana wangu, mimi nimeteka maji mto ule tangu nikiwa msichana. Sijauona hiyo rangi hata siku moja."

Alisema kweli. Mito yetu mingi ya Kitui ni ya msimu. Hujaa kwa siku chache katika mvua za Novemba na zile za Machi na Aprili, na maji yakija huwa ya rangi ya chai ya maziwa. Siku zinazobaki mto ni mchanga mtupu, maji yamejificha chini. Ndiyo sababu wazazi wetu walijenga yale mabwawa ya mchanga: ukuta wa mawe na saruji unajengwa juu ya mwamba, ukikatiza mto, mafuriko yanaleta mchanga, mchanga unajaa nyuma ya ukuta, na maji yanakaa katikati ya chembe za mchanga ambako jua haliwezi kuyanywa upesi. Mabwawa ya namna hiyo yako mamia kwa mamia katika Ukambani wote. Ukiyataka maji unachimba kisima cha mchanga, unangoja yajikusanye, unateka kwa kibuyu au kikombe, kisha unazungushia miiba ili mifugo wasichafue. Nilikuwa nimefanya kazi hiyo tangu utotoni, na bado mkono wangu ulichora mto wa kitabuni. Nilifuta buluu yote, karatasi ikatoboka.

Mwalimu mlezi wa chama chetu aliposikia habari hizo alinionyesha kwenye simu yake kazi za mchoraji mmoja aitwaye Kivuthi Mbuno. Sikuyaamini masikio yangu nilipoambiwa kwamba mtu huyo alizaliwa Mwingi, hapa hapa Kitui, mwaka wa 1947. Hakusomea sanaa katika shule yoyote. Alikuwa mpishi wa safari, akiandamana na wageni porini na kuwapikia, na yale aliyoyaona katika safari hizo akayachora baadaye kwa wino na penseli za rangi: wanyama, wawindaji, watu wembamba katika nyika pana. Michoro yake imefika majumba ya sanaa ya ng'ambo. Mwalimu akanieleza pia juu ya Edward Saidi Tingatinga wa Tanzania, aliyefariki mwaka wa 1972, kwamba aliishi kwa vibarua mjini Dar es Salaam na akachora kwa rangi ya kupakia baiskeli. Na juu ya Mutisya Munge wa Wamunyu, aliyejifunza kuchonga vinyago huko Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akarudi na kuwafunza wenzake, hata leo vinyago vya Wakamba vinajulikana duniani.

"Unaona?" akasema mwalimu. "Hawa wote walianza na walichokuwa nacho."

Basi kichwa changu kikavimba. Nasema kweli, kilivimba. Nilianza kujiona kama Mbuno wa pili. Tulipokwenda na chama kutembelea lile Jiwe la Nzambani, ambalo wazee husimulia kwamba ukilizunguka mara saba unageuka, mwanamume akawa mwanamke na mwanamke akawa mwanamume, wenzangu walipiga picha kwa simu ya mwalimu na kuanza kupanda. Mimi nilibaki chini nikichora. Jiwe lenyewe lilinishinda. Lilikuwa kubwa mno kwa penseli yangu. Lakini nilimchora mwalimu mmoja akivua viatu na kupepea soksi zake kabla ya kupanda, na mchoro huo ukagombaniwa kwenye basi hadi ukachanika. Nikajifunza kwamba watu wanapenda kuona watu. Sikujiuliza kama yule anayechorwa anapenda kuonekana.

Sasa nimefika.

Mwanzoni mwa mwaka wangu wa kidato cha pili tulimuuza punda. Serikali hulipia masomo katika shule za kutwa, lakini wazazi wetu wanajua kwamba kuna chakula cha mchana, kuna sare, kuna hiki na kile. Baba hufanya kibarua Nairobi na mwaka huo kibarua kilikuwa haba. Alikuja mtu, wakapatana bei na mama, punda akaenda akivutwa kwa kamba. Siku iliyofuata mimi nilibaki shuleni wakati wengine walipotumwa nyumbani. Nilifurahi. Sikufikiria nani sasa atabeba maji.

Alibeba mama. Si mitungi minne, kwa maana hakuna mgongo wa binadamu unaoweza, bali mmoja mmoja, akirudia. Ukanda kichwani, mtungi mgongoni, kutoka mtoni hadi nyumbani, kisha tena.

Ilikuwa mwezi wa Septemba, wakati wa kiangazi, visima vya mchanga vimeshuka hata mtu akiingia unaona kichwa tu. Jumamosi hiyo mama alinituma nimpeleke mbuzi mtoni. Nilipokwisha kuwanywesha niliketi chini ya mgunga, kivulini, nikamwona mama akipanda ukingo na mtungi wake. Jua lilikuwa nyuma yake. Nilitoa karatasi ya kalenda. Mpenzi msomaji, sijawahi kuchora vile. Mkono ulikwenda wenyewe. Nilichora mgongo uliopinda, shingo iliyokaza, sweta iliyotoboka kiwikoni. Nilichora miguu yenye nyufa za vumbi, na patipati zake, moja ikiwa imefungwa kwa waya mahali ukanda ulipokatika. Mama alipanda akapita, akashuka, akapanda tena, nami nilikuwa bado naongeza vivuli kwa kaa.

Jumatatu nilimpa mwalimu mlezi. Aliutazama kwa muda mrefu, akaniuliza nilitumia penseli gani, akaubandika kwenye ubao wa matangazo wa Chama cha Kiswahili, pale karibu na ofisi. Wanafunzi walijaa. Walimu nao walisimama. Kwa siku nne nilitembea kama jogoo aliyeamka wa kwanza. Siku ya tano mvulana mmoja akasema kwa sauti, "Kwani huyu si mama yako? Cheki patipati, zimefungwa na waya kama lango la mbuzi!" Wakacheka. Nami, Mungu anisamehe, nilicheka pia. Nilicheka ili nisionekane nimeumia.

Ijumaa iliyofuata ulikuwa mkutano wa wazazi.

Nilikuwa nimesahau. Mama hakusahau. Alikuwa amevaa rinda lake la kanisani la rangi ya samawati, amelipiga pasi ya makaa, na viatu vyake vyeusi vyenye kisigino kidogo ambavyo huvibeba mkononi hadi karibu na lango, kisha akapangusa miguu na kuvivaa, ili visiharibiwe na mawe. Niliwaona wazazi wakielekea ukumbini wakipitia pale ofisini. Nikawaona wamesimama. Nikamwona mama naye amesimama katikati yao, nyuma ya mabega ya wengine, akitazama ubao.

Mama mmoja wa mtaa wetu alimgeukia na kusema kwa Kikamba, bila ubaya wowote, "Tazama, wamekuchora." Wengine nao wakageuka. Wakamtazama mama, kisha picha, kisha viatu vya mama.

Mama hakusema neno. Aliurekebisha mkoba wake begani, akaingia ukumbini, akaketi. Niliona kwamba aliiingiza miguu yake chini ya kiti.

Jioni nilirudi nyumbani kwa mwendo wa kinyonga. Nilitarajia kelele, hata kiboko ningekipokea kwa mikono miwili. Mama alikuwa jikoni akichambua maharagwe ya isyo, yaani pure. Alinipa chakula. Tulikula. Susu alipokwenda kulala, mama aliniuliza bila kuinua macho:

"Siku ile ulikuwa umeketi wapi?"

"Chini ya mgunga, mwaitu."

"Kivulini."

"Ndiyo, mwaitu."

"Nilipanda na mitungi mingapi?"

Nilinyamaza. Nilikuwa nimehesabu mikunjo ya sweta yake. Nilikuwa nimehesabu nyufa za kisigino chake. Mitungi sikuwa nimehesabu.

"Mitano," akasema mama. Akamimina maharagwe chunguni, akayafunika, akaenda kulala.

Wandugu, nimewahi kupata sifuri katika hesabu, lakini haikuniuma kama ile. Usiku huo nilielewa mambo ambayo ningepaswa kuyaelewa tangu Januari: kwamba punda aliuzwa ili mimi nikae darasani, kwamba mgongo wa mama ndio uliochukua nafasi ya punda, na kwamba mimi niliyelipiwa ndiye niliyeketi kivulini nikimtazama kama kitu cha kutazamwa. Tena nikaubandika uchovu wake ubaoni, pale alipokuja akiwa amevaa viatu vyake vizuri ili mwanawe asione haya.

Jumatatu asubuhi niliuondoa mchoro. Mwalimu mlezi alinikuta nikichomoa pini, nikamweleza yote. Nilidhani atanihubiria. Alivua miwani yake, akasema, "Hata mimi nimekosa. Nilikuuliza habari za penseli. Sikukuuliza kama mama anajua."

Kuanzia jioni hiyo nilibeba maji. Sisemi haya ili nisifiwe, kwa kuwa wasichana wengi wa shule hii wamebeba tangu wakiwa na miaka saba na hakuna aliyewaandikia insha. Siku ya kwanza nilibeba mtungi mkononi, kiume, nikibadilisha kulia na kushoto, na vidole vikakataa kushika kalamu kesho yake. Siku ya tatu niliona hakuna njia ila kutumia ukanda kama mama. Vijana wenzangu walinipigia mbinja. Siku ya tano sikusikia mbinja tena, si kwa sababu waliacha, bali kwa sababu mtu aliyebeba kilo ishirini kichwani husikia pumzi yake tu.

Na hapo, mpenzi msomaji, ndipo nilipogundua jambo la ajabu. Ule mchoro wangu niliouona mzuri kuliko yote ulikuwa na makosa.

Mama ndiye aliyenithibitishia. Yapata majuma matatu yalikuwa yamepita. Tulikuwa tumeketi nje baada ya chakula, akasema ghafla, "Lete ile karatasi."

Niliileta nikitetemeka. Aliiweka gotini, akaisogeza karibu na taa.

"Hapa umekosa," akasema, akigusa mikono. Nilikuwa nimeichora ikining'inia, imelegea, kwa sababu nilitaka aonekane amechoka. "Mikono haiwezi kuwa hivi. Ukiiacha hivi shingo itakatika. Inashika ukanda, hapa na hapa, karibu na masikio."

"Ni kweli, mwaitu. Nimejua sasa."

"Na mtungi uko juu mno. Huu ungeniangusha kifudifudi. Mtungi unalala huku chini, juu ya kiuno." Akatulia kidogo. "Wewe ulichora mtu aliyeshindwa. Mimi sikuwa nimeshindwa. Nilikuwa nikienda nyumbani."

Maneno hayo nimeyaandika ndani ya jalada la kila daftari langu.

Nikakusanya ujasiri, nikamwomba ruhusa nimchore tena. Alifikiri, akakubali kwa sharti moja: nimchore akiwa na viatu vya kanisani. Nikamwambia, "Lakini mwaitu, hakuna mtu anayeenda mtoni na viatu vya kanisani. Watu watasema ni uongo." Akasema, "Na patipati zenye waya sitaki." Tukavutana hivyo, mimi na ukweli wangu, yeye na heshima yake, hadi Susu, ambaye tulidhani amelala, akasema kutoka ndani: "Si mchore miguu ikiwa ndani ya mchanga!"

Tulicheka wote watatu. Kwa kweli ndivyo ilivyo. Mtu anapotoka kisimani na mzigo, mchanga wa mto humeza mguu hadi kwenye kifundo, kiatu hakionekani, kiwe cha kanisani au cha waya. Susu, asiyejua kusoma wala kuandika, alipata njia ambayo haikumdhulumu mtu wala haikudanganya.

Nilichora upya kwa Jumamosi mbili. Kila Jumamosi nilibeba kwanza, kisha nikachora. Mama hakusimama anitazamishe; alifanya kazi yake, nami nikachora kwa haraka kati ya mtungi na mtungi. Mikono ilishika ukanda. Mtungi ulilala juu ya kiuno. Mto haukuwa na buluu, ulikuwa na udongo niliousugua kwa kidole. Na uso, ambao mara ya kwanza niliufunika kwa kivuli kwa sababu sikuwa nimeutazama, mara hii niliuchora. Ulikuwa uso wa mtu anayehesabu: mmoja, miwili, mitatu.

Kwa wenzangu wanaotaka kuchora, nina maneno machache. Usingoje rangi za dukani. Kaa na udongo vinatosha. Usichore usiku kitandani kile unachoweza kukitazama asubuhi. Usione aibu ya vitu vya kwetu, maana punda wa Matinyani ana mengi ya kukufunza kuliko jumba la kalenda. Lakini ukimchora mtu, mwombe ruhusa. Akikataa, chora mti. Akikubali, mwonyeshe yeye kwanza kabla ya kuwaonyesha watu, na akikwambia umekosea, sikiliza, kwa kuwa yeye ndiye aliyebeba. Na ukiweza, shika kidogo mzigo wake kabla ya kushika penseli. Asiyejua uzito wa mtungi huuchora kama puto.

Insha hii nimemsomea mama yote, nikimfasiria kwa Kikamba mahali palipokuwa pagumu. Nilimwuliza kama niondoe habari za waya. Alifikiri, akasema, "Waache. Patipati hizo nimekwisha kuzitupa."

Mhariri alitaka kuchapisha mchoro wenyewe kando ya maneno haya. Mama amekataa. Amesema maneno yanaweza kwenda popote, lakini yeye mwenyewe atabaki nyumbani. Umebandikwa ukutani juu ya meza yetu, kando ya ule wa punda, ambaye sasa ndiye punda wa pekee tuliye naye.

Kwa hiyo, mpenzi msomaji, ukitamani kuuona mchoro huo, karibu kwetu Jumamosi yoyote. Njia unaijua. Lakini tafadhali, usije mikono mitupu. Pitia mtoni kwanza, uje na mtungi.